Wanaojua Kuusubiri Mfupa

Ukichimba msingi wa nyumba Lyamkena, hapa Makambako, utakutana na udongo mwekundu, na chini ya udongo mwamba wa kumtoa fundi jasho. Mfupa hutaukuta, labda wa ng'ombe aliyechinjwa sikukuu ya mwaka juzi. Mawe ya Makambako na ya sehemu kubwa ya nyanda hizi yamo katika mikanda ambayo wanajiolojia huiita Usagara na Ubende, na umri wake ni kama miaka bilioni mbili. Wakati mawe hayo yanaumbika hapakuwa na mnyama popote duniani, wa nchi kavu wala wa majini. Na hata kama angekuwepo, joto na mgandamizo wa huko chini visingemwachia alama.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu wakisikia kwamba huko kusini mwa mkoa wetu wa Njombe kuna wataalamu wanaofukua mifupa ya mamilioni ya miaka, huuliza mbona hapa hawashuki hata kunywa chai. Wanapita tu na magari yao, wanakata kona ya barabara ya Songea, wanapotea. Jibu ni kwamba ufundi wa mtafuta visukuku huanzia kwenye kujua pa kutokwenda. Kabla hajafunga begi anakaa na ramani ya jiolojia mezani siku nyingi, anaondoa maeneo yote ya mawe yaliyoiva kwa moto, anaondoa yaliyokunjwa na kubanwa, anaondoa yaliyofunikwa na udongo mzito na msitu. Kinachobaki ni vipande vichache vya miamba ya mashapo, yaani tope na mchanga wa mito na maziwa ya zamani uliogeuka jiwe bila kuteswa sana. Sisi tumeondolewa mapema, na kwa haki.

Wanaotafuta wanyama wa mwanzo kabisa ndio wenye mtihani mkubwa kuliko wote, maana wanyama hao hawakuwa na mfupa, jino wala gamba. Mwaka 1946 mjiolojia Reginald Sprigg alikuwa akikagua migodi ya zamani kwenye vilima vya Ediacara, Australia Kusini, akaona juu ya jiwe la mchanga alama za viumbe laini waliokufa kabla ya kuwapo kwa samaki. Kule Uingereza, mwaka 1956, msichana wa shule aitwaye Tina Negus aliona alama yenye umbo la jani kwenye mwamba wa Charnwood. Alipomweleza mwalimu wake akajibiwa kwamba mwamba ule ni wa kale mno, hauwezi kuwa na kisukuku. Mwaka uliofuata mvulana, Roger Mason, akaiona alama ileile. Safari hii wakubwa walikwenda kuangalia, na kiumbe kikapewa jina la Charnia masoni. Jina la mvulana limo humo. La msichana halimo. Tuyaache hayo.

Ninachokipenda katika kazi ya hao wa viumbe laini ni namna wanavyoutumia mwanga. Adhuhuri, jua likiwa utosini, jiwe lenye alama huonekana tupu. Mtaalamu anarudi jua likiwa chini, mwanga unaingia kwa ubavu, na mistari isiyohisika hata kwa kidole inaanza kutupa vivuli. Au anangoja usiku, anaweka taa chini sambamba na jiwe, anaizungusha polepole. Jiwe ni lile lile na macho ni yale yale, kilichobadilika ni pembe ya taa. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa na Ilya Bobrovskiy, wa chuo kikuu cha taifa cha Australia, walikwenda mbali zaidi: kutoka kwenye utando mwembamba uliobaki wa Dickinsonia, kiumbe cha pwani ya Bahari Nyeupe huko Urusi, walitoa masalia ya kolesteroli. Mafuta hayo hayo ambayo daktari wa leo anatukataza ndiyo yaliyothibitisha kwamba kiumbe kile cha miaka milioni 558 kilikuwa mnyama. Afrika nayo imo katika hadithi hiyo: Namibia ina Cloudina, kijimrija cha takriban miaka milioni 550, mmoja wa wanyama wa kwanza kujijengea ganda gumu.

Mkoa wetu haumo kwenye sura hiyo ya kwanza. Umo kwenye ya baadaye, na si pembeni. Ukitoka Makambako ukapita Njombe, ukateremka Ludewa mpaka bonde la mto Ruhuhu unaomwaga maji Ziwa Nyasa karibu na Manda, mawe yanabadilika. Unayaacha yale magumu ya kwetu, unaingia kwenye mashapo ya Karoo, tabaka juu ya tabaka, kijivu, hudhurungi na jekundu. Hapa hatafutwi mnyama wa kwanza duniani. Hutafutwa mwanzo wa ukoo mmoja uliokuja kutamba, ukoo wa dinosaria na ndege, na hutafutwa pia waliokuwepo kabla ya msiba mkubwa wa miaka milioni 252 iliyopita, uliofagia sehemu kubwa ya uhai wa dunia.

Mtu wa kwanza kuyapanga mashapo hayo hakutumwa mifupa. Gordon Stockley alikuwa mjiolojia wa serikali ya Tanganyika, akichunguza makaa ya mawe ya Ruhuhu, haya haya ya Mchuchuma tunayoyasikia bungeni kila bajeti. Aliyagawa mashapo kwa herufi na namba, kuanzia K1 chini hadi K8 juu. Makaa yako K2. Mifupa aliikuta kwenye K6 na tena juu kabisa, K8, ambayo leo huitwa tabaka za Manda. Ramani yake ilitoka mwaka 1932. Wote waliofuata, kuanzia Rex Parrington wa Cambridge aliyefika mwaka 1933, waliingia bondeni wakiwa na kazi ya Stockley mkononi.

Sasa tuje kwenye kutembea kwenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hudhani ni bahati.

Kikosi kinaingia kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka au zimeungua, na kinapanga mstari kuvuka korongo. Hakuna anayechimba. Watu wanatembea wameinamisha vichwa, hatua fupi, macho yakifagia mita mbili tatu mbele ya kiatu. Mama wa Njombe anayechambua maharage kwenye ungo hatafuti kijiwe kimoja kimoja. Anaacha jicho lipite, na kisichofanana na wenzake kinajitokeza chenyewe. Mtembezi wa korongo hufanya vivyo hivyo, isipokuwa kwamba maharage yake ni kokoto milioni na yeye anatafuta ile moja ambayo si jiwe. Mfupa wa kale una chembe zake. Ukivunjika, ndani huonyesha vitundu vya uboho, na ukingo wake hauchongoki kama wa jiwe. Ukiwa na shaka, unaugusisha ulimi. Mfupa wenye vitundu hunata, jiwe la kawaida halinati. Wageni hucheka wakiona profesa analamba mawe, lakini baada ya siku mbili nao wanalamba.

Kipande kimoja hakitoshi kuanza sherehe. Kimetoka wapi? Maji ya masika yameteremsha vipande vya mfupa toka juu, vizito vimebaki karibu, vyepesi vimefika mbali. Basi fundi anapiga magoti na kuweka alama kwenye kila kipande bila kukiokota, anapanda mteremko nao, kimoja baada ya kingine, mpaka vinapokoma. Hapo vinapokoma, ama mfupa uko ndani ya ukuta wa korongo palepale, ama ulikwisha wote kuteremka na hakuna kitu. Mara nyingi ni la pili. Anasimama, anarudi kwenye mstari.

Katika Afrika Mashariki jina kubwa la jicho hilo ni Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyeanza kazi na akina Leakey, familia ya watafiti wa binadamu wa kale, mwaka 1960 pale Olduvai. Yeye ndiye aliyeliona taya la Peninj karibu na Ziwa Natron mwaka 1964, na mwaka 1984, kule Nariokotome magharibi ya Ziwa Turkana, akaona kipande kidogo cha fuvu, rangi ile ile ya changarawe iliyokizunguka. Kipande hicho kiliongoza kwenye mifupa mingi ya kijana wa miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kimeu hakupita chuo kikuu. Alikuwa na makumi ya miaka ya kuinamisha kichwa, na waliomfahamu kazini walikubali kwamba kwenye korongo hakuna shahada inayoshinda hiyo.

Mfupa ukipatikana ndani ya ukuta, mwendo unabadilika kabisa. Sururu na jembe vinaondoa udongo wa juu, kwa nguvu, kama kazi yoyote ya kibarua. Zikibaki sentimita chache, zana zinapungua ukubwa: patasi, kisu, sindano, mswaki. Na hapa ndipo mwanafunzi anapotambulikana, kwa sababu mwanafunzi anataka kuuona mfupa. Fundi hataki. Anasafisha kidogo tu, kiasi cha kujua unaanzia wapi na unaishia wapi, anadondoshea gundi nyepesi kwenye nyufa, kisha anauacha na jiwe lake. Jiwe lile limeutunza kwa miaka milioni 245. Linaweza kuutunza tena mpaka Dar es Salaam.

Anachimba mfereji kuuzunguka, mfupa na mwamba wake vikabaki vimeketi juu ya kinguzo cha udongo. Anaufunika kwa karatasi za chooni zilizoloweshwa, tabaka kadhaa, ili plasta isigusane na mfupa. Kwenye karai anakoroga plasta, ile ile ya P.O.P. ya hospitali, anachovya vipande vya gunia na kuvibandika kimoja juu ya kingine, akivisugua kwa kiganja ili hewa itoke. Ikikauka anakatakata kinguzo kwa chini, na watu watatu wanne wanashika, wanahesabu, wanageuza. Ukigeuza vibaya, jiwe linamwagika kwa chini na mfupa ukiwemo. Ikienda vizuri, upande wa chini nao unafungwa, kifurushi kinaandikwa namba, mahali na tabaka kilipotoka. Pasipo maandishi hayo mfupa unakuwa pambo tu, kwa sababu umri wake uko kwenye tabaka. Ndiyo maana sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inakataza mtu kujiokotea visukuku na kuondoka navyo, na mwanakijiji anayeona mfupa mgumu kwenye korongo anasaidia zaidi akiuacha mahali pake na kutoa taarifa.

Ufungaji huu una historia kwetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, nyuma ya Lindi, na zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria zilibebwa na wapagazi mpaka bandarini, mwendo wa siku kadhaa. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye wataalamu wenyewe walimtegemea katika kufukua na kutayarisha. Mifupa mingi ilifungwa kwa mianzi iliyopasuliwa na kusukwa kuizunguka. Sisi wa Njombe tunaoujua mwanzi kwa ulanzi tu tujue kwamba makumbusho ya Berlin iliendelea kuhifadhi vifurushi vya mianzi vya Tendaguru ambavyo karne nzima ilipita bila kufunguliwa. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa huko alipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Ilichukua muda, lakini lipo.

Kutoka korongoni kifurushi kinakwenda maabara, na huko hakuna anayetembea tena. Mtu anaketi kwenye kiti, jicho kwenye hadubini, mkononi ana chombo kidogo cha hewa chenye ncha ya chuma inayodunda maelfu ya mara kwa dakika. Anaondoa jiwe punje kwa punje. Jiwe la Manda linaweza kuwa gumu kuliko mfupa wenyewe, basi ncha haielekezwi kwenye mfupa kamwe. Inaelekezwa kwenye jiwe la jirani, ili jiwe lipasuke na kubanduka lenyewe. Anasikiliza pia, maana mlio wa ncha hubadilika inapokaribia mfupa. Siku nzima inaweza kwisha kwa eneo la ukubwa wa kucha. Kipande kikivunjika, anakiunga kwa Paraloid, gundi inayoyeyuka tena kwa asetoni, ili atakayekuja miaka hamsini baadaye na kuona kimeungwa vibaya aweze kukitenganisha. Mafundi wangapi wa fani nyingine wanafanya kazi wakimfikiria atakayewasahihisha?

Hadithi inayonifanya niwaheshimu watu hawa kuliko zote ni ya mnyama mmoja wa Ruhuhu. Mwaka 1933 Parrington alikusanya kwenye tabaka za Manda pingili za shingo na mkia, sehemu ya nyonga na mifupa ya miguu. Vikapelekwa Uingereza. Miaka ya 1950 kijana Alan Charig alivichukua kwa tasnifu yake ya udaktari pale Cambridge, na mwaka 1956 akampa mnyama huyo jina ndani ya tasnifu: Teleocrater. Lakini hakulichapisha. Alikwama kwenye kifundo cha mguu, ambacho hakikuwemo.

Kifundo kina uzito gani? Katika reptilia wa enzi hiyo ndipo njia mbili zilipoachana. Upande wa mamba, mguu hujipinda katikati ya mifupa miwili ya kifundo, na kisigino kina mkono wa kuuvuta. Upande wa ndege na dinosaria, mifupa hiyo miwili huungana na mfupa wa muundi, na mguu hukunjwa kama bawaba, mbele na nyuma tu. Mwenye kifundo ana jibu, au ndivyo ilivyodhaniwa. Charig alikuwa na nyonga, pingili na mapaja, na kila kimoja kilivutia upande wake. Mwenye haraka angekisia. Yeye alirudi Ruhuhu na msafara wa mwaka 1963, akafanya kazi ya makumbusho maisha yake yote, akafariki mwaka 1997, na jina likiwa bado kwenye tasnifu.

Kuanzia mwaka 2007 timu ya Christian Sidor wa Chuo Kikuu cha Washington, Kenneth Angielczyk wa Chicago, Roger Smith wa Cape Town na Sterling Nesbitt imekuwa ikirudi bondeni. Mwaka 2010 walitangaza Asilisaurus kongwe, jamaa wa karibu wa dinosaria, kutokana na mifupa ya wanyama wasiopungua 14. Mwaka 2015, si mbali na alipopita Parrington, wakakuta mifupa ya Teleocrater kadhaa iliyochanganyikana, na kifundo kikiwemo. Aprili 2017 jarida la Nature likachapa matokeo. Teleocrater rhadinus alikuwa mla nyama mwenye shingo ndefu, urefu wake kama mita mbili hadi tatu, akitembea kwa miguu minne. Mifupa mingine ilimweka wazi upande wa ndege na dinosaria. Kifundo kilikuwa cha mtindo wa mamba.

Yaani kigezo chenyewe kilichosubiriwa kwa zaidi ya miaka 60 kilikuja na kusema kwamba hakikuwa kigezo. Kifundo cha mamba kilikuwa cha wote mwanzoni, na ule ukoo wa ndege ulikiacha baadaye. Mtu angekisia mwaka 1956, angekosea kwa sababu nzuri kabisa. Katika orodha ya waandishi wa makala ile, jina la mwisho ni Charig, marehemu wa miaka 20, kwa sababu kazi ilikuwa yake pia.

Mifupa aliyoikusanya Parrington ilikuwa na jambo jingine: mfupa wa juu wa mkono na pingili chache za mgongo, na pingili nyingine zinazodhaniwa kuwa za mnyama wa aina hiyo hiyo zilikuwa zimehifadhiwa Cape Town. Nesbitt na wenzake waliuchukua mfupa wa mkono, na Sarah Werning akausoma kwa ndani, kwenye kipande kilichokatwa na kusagwa kikawa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Chini ya hadubini nyuzi za mfupa zilikuwa zimejipanga ovyo na njia za damu zilikuwa nyingi, dalili ya mnyama aliyekua haraka, kama dinosaria wanavyokua. Kwa nje, ukingo wa kushikilia misuli ya bega ulikuwa mpana na mrefu, tena kama wa dinosaria. Walimwita Nyasasaurus parringtoni. Ana umri wa kama miaka milioni 243, miaka milioni kumi au zaidi kabla ya dinosaria wengine wanaojulikana.

Magazeti ya dunia Desemba 2012 yaliandika kwamba dinosaria wa kwanza kabisa ni wa Tanzania. Makala ya wataalamu wenyewe, kichwa chake kilitaja dinosaria wa kale kuliko wote na kuweka alama ya kuuliza, na ndani yake wakasema ama ni dinosaria, ama ni jamaa wa karibu mno. Mkono na mgongo haviwezi kusema zaidi ya hapo. Ili alama ile ifutwe inatakiwa nyonga yake, kwa kuwa katika dinosaria shimo la nyonga limetoboka mpaka upande wa pili, na kwa hao jamaa zao wa mapema halijatoboka, au limetoboka nusu. Ni mfupa mmoja, wa ukubwa wa kiganja hivi, na mahali pa kuutafuta panajulikana: K8 ya Stockley, baada ya mvua, nyasi zikishakauka.